Mama Mkwe Alinisikia Kwenye Redio ya Rubani

Leo nimevuliwa nguo mbele ya anga lote la Goma. Na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa nje ya nyumba yetu, kwenye kiti cha plastiki cha matanga, simu ikiwa na chaji ya kuombea dua. Naandika kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa uwanja wa ndege, maana wale wataongeza chumvi. Chumvi iliyomo inatosha.

Mnajua kwamba tumefiwa. Baba mkwe wangu, Mzee Kambale, baba yake Masika, alituacha juzi hapahapa Goma. Alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe, mtu wa Butembo hasa, na lori lake aliliendesha mwenyewe kuja huku na kurudi, miaka na miaka. Alikuwa hata na mahali pake pa kunywea chai Kalengera, njiani, akifika wanamjua kwa honi. Vita vilipofunga barabara, lori likaota nyasi uani kwetu na yeye akabaki nalo. Alikuwa amekuja na mkewe kwa siku chache. Akakaa mpaka ugonjwa ukamkuta kwenye godoro la chumba cha wageni, akiuliza kila asubuhi kama barabara imefunguliwa.

Mnajua pia kazi yangu. Mimi ni mtu wa chini wa kampuni ndogo ya ndege za mizigo (sitaji jina lake, bado nataka kazi). Napokea mizigo, napanga abiria, nahakikisha aliyepaswa kupanda amepanda. Na nina redio ya mkononi, ile ya kusikiliza mnara wa uwanja ukiongea na marubani. Nasema tena: ya kusikiliza. Ina kitufe cha kusemea pembeni, lakini mimi sina ruhusa ya kukigusa labda moto ukiwaka. Masafa ni mamoja, na wote wanaongea humohumo kwa zamu. Mmoja akibonyeza kitufe, wengine wote wamezibwa mdomo. Na yeye aliyebonyeza hasikii chochote mpaka akiachie. Hilo lishikeni, litawafaa huko mbele.

Sasa. Mzee alipofariki, familia ikakaa kikao kwa simu, nusu Goma, nusu Butembo. Wakaamua mwili urudi nyumbani. Barabara haipitiki. Basi wakanikumbuka mimi. Mimi, Mushi, mtu wa kabila jingine la upande wa Bukavu, ambaye tangu nimuoe binti yao, vikao vyao nimevisikilizia mlangoni nikiwa natumwa soda. (Si kwamba nalalamika. Nalalamika.) Mjomba mmoja akauliza huko kwenye simu kama si mkwe wa Goma ndiye anayefanya kazi na ndege. Nikajibu kwamba ni mimi. Watu wote wakanyamaza wakinisubiri niendelee. Ndugu zangu, nilijisikia nimerefuka.

Nikaenda kwa sefu wangu, mkuu wa kampuni, nikamuomba, naye akanipa nafasi kwenye ndege ya leo alasiri, ile inayopeleka dawa na sabuni Butembo. Nafasi ya sanduku na viti viwili. Kiti kimoja cha mama mkwe, kingine cha Shangazi Katungu, dada yake marehemu. Masika angebaki nyumbani, maana mimba yake imefika ukingoni na daktari alishamkataza ndege.

Tatizo lilikuwa jua. Uwanja wa Butembo hauna taa. Ndege ikichelewa kuondoka Goma, hairuki kabisa, na kesho hakuna ndege ya kwenda huko. Tena kule kaburi lilikuwa limechimbwa tangu asubuhi. Shangazi Katungu alinieleza jambo hilo akiwa amenikazia macho, kama kwamba jua nimelishika mimi mfukoni.

“Mukwe, kaburi haiwezi kulala wazi,” alisema. “Kaburi ikilala na njaa, asubui inatafuta mutu mwingine mu ile familia.”

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nikamwambia garanti. Nilichagua neno la Kifaransa ili lipate uzito. Yeye akatazama tumbo la Masika, na mimi nikaanza kuogopa lile shimo kuliko yeye.

Tukafika uwanjani. Kwao, na hata kwetu ni hivyo, sanduku la mzee hubebwa na wakwe zake. Kazi yangu ya uwanjani haikunipa msamaha. Shangazi Katungu akatoa kitenge cha matanga, akakichana vipande, akamfunga kila mkwe kipande kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Mimi nikapata shida. Kishikizo cha redio yangu, kile cha kuitundika kwenye mkanda, kilivunjika siku nyingi, kwa hiyo kila siku naishika mkononi. Leo mikono yote miwili ilitakiwa na sanduku. Nikawaza, nikaona akili. Nikaisokomeza redio ndani ya kile kitambaa, ikatulia pale kama mtoto mgongoni. Nikapiga fundo. Halafu nikapiga fundo la pili, kwa sababu mimi ni mtu makini.

(Mtu makini. Mniandikie hivyo kaburini.)

Mzee alikuwa mzito. Tulimpandisha kwa taabu, tukamlaza katikati ya makatoni ya sabuni, Shangazi akikemea kila pembe iliyogonga mlango. Kisha akapanda mama mkwe. Mimi na yeye hatuangaliani usoni wala hatusemeshani. Ni heshima, si ugomvi. Akitaka kuniambia kitu, anamwambia binti yetu Neema: muambie papa yako mvua inakuja, aanue nguo. Na mimi namjibu Neema, huku tumesimama wote watatu uani. Neema akiwa shuleni, nguo zinanyeshewa. Basi leo pia alipita karibu yangu akiwa ameinamisha macho, na mimi nikainamisha yangu, nikaona viatu vyake tu. Alikuwa amevaa viatu vya mzee. Vilimzidi, akavikaza kwa kamba.

Jambo la mwisho kabla sijaingia kwenye aibu yenyewe. Ndege ile haina mlango kati ya rubani na nyuma. Komanda Jules, rubani wetu, vifaa vyake vya masikioni vimeharibika upande mmoja, kwa hiyo huwa anawasha spika. Mnara ukikohoa, abiria wote wanasikia. Nilikuwa najua. Nilisahau.

Ndege ikawaka, ikaenda polepole mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, ikageuka, ikasimama. Redio pale mkononi mwangu ilikuwa inaongea kama kawaida. Madame wa mnarani, mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, akamwambia Komanda asubiri, kuna ndege inakuja kutoka upande wa ziwa, itue kwanza. Komanda akaitikia. Mambo yalikuwa sawasawa. Nikaketi kwenye kitoroli cha mizigo karibu na Bahati, rafiki yangu wa kupakia, na uchovu wote wa matanga ukaniangukia kwa pamoja. Nikajikunyata. Nikakunja mikono kifuani, nikaibana, vile wafiwa tunavyokaa.

Redio ikanyamaza. Nikaona ni utulivu tu.

Sasa ndugu zangu, mtu akifunga mdomo siku zote za matanga mbele ya wakwe zake, maneno hujaa. Nilianza na Shangazi Katungu. Nikamweleza Bahati jinsi anavyoangua kilio mgeni akiingia mlangoni, na jinsi mgeni akikaa tu yeye anakimbilia jikoni kuuliza nani amefunua sufuria ya nyama. Nikamuigiza na sauti. Bahati akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikapata moyo wa kuendelea.

Nikatazama njia ya kurukia. Ndege yetu imesimama palepale. Nikatazama mnara, nikaona kule juu dirishani mtu anamulika taa nyekundu kuielekea. Ile taa hutolewa redio zikifa: nyekundu simama, kijani ruka. Nikamwambia Bahati kwamba basi tena, redio ya mnara imekufa, na kwamba Madame pengine ameikalia waya. (Ushahidi nilikuwa nao. Redio yangu haikutoa hata mkwaruzo.)

Mara ile ndege ya upande wa ziwa ikatokea, chinichini juu ya mabati ya mji. Ikaja, ikaja, karibu kabisa, halafu badala ya kugusa chini ikanguruma na kupanda tena, ikapita juu ya vichwa vyetu na tumbo lake jeupe. Kitoroli kilitetemeka. Rubani wake hakuwa amesikia ruhusa ya kutua, na mbele yake aliona ndege nyingine mdomoni mwa njia. Alifanya vizuri. Hayo nayajua sasa hivi. Wakati ule nilimwambia Bahati, kwa sauti kubwa ili ishinde mngurumo, kwamba yule rubani urubani wake alijifunzia kwenye baiskeli.

Bahati hakucheka. Mimi pia kicheko kilinikaukia. Upande wa Mugunga mvua ilikuwa imeshafunga, nyeusi kama makaa, na jua lilikuwa linashuka nyuma yake. Nikaiwaza Butembo bila taa. Nikaliwaza lile shimo linalosubiri mtu, na tumbo la Masika. Hapo mdomo ukaanza kutoa yale ambayo sikupanga kuyatoa.

“Bahati, hii mambo ni miye,” nilisema. “Muzee hakutaka.”

Bahati akaniuliza hakutaka nini.

“Hakutaka ndege. Aliniambia miye, mu chumba, tuko wawili tu. Alisema, mukwe, nikikufa musinipandishe mu ndege. Siwezi kupanda kitu yenye sioni usukani yake. Munizike hapa, mungojee barabara. Ikifunguka, munirudishe na lori yangu. Nikamuambia ndiyo, Muzee.”

Bahati akauliza kama niliwaambia wenyewe.

“Nitaambia nani? Mukwe hana neno ku matanga. Na ile siku njo siku ya kwanza baliniuliza kitu mu ile familia. Nikajibu ndege iko. Sasa nimemupandisha kwa nguvu, mu ndege yenye iko muzee kuliko yeye. Iko pale ndani ya sanduku anaogopa, na hana wa kumushika.”

Nikalia. Sikulia kile kilio cha wanaume, cha kufuta jicho moja na kutazama pembeni. Nililia na kamasi, mabega yakiruka, nikimuita Mzee kwa jina lake. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia nilitaka tu nionekane mtu.

Nilitegemea Bahati aniwekee mkono begani. Hakuniwekea. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kushoto.

“Papa Neema,” akasema taratibu, “iyi redio yako inawaka nyekundu ju ya nini?”

Redio hizi zina kitaa kidogo kichwani. Kikiwa kijani, inasikia. Kikiwa chekundu, inasema. Nikashusha macho. Nilipokunja mikono, kitambaa kilikuwa kimekaza na fundo la pili, lile la mtu makini, likateleza na kukikalia kitufe. Lilikuwa limekibonyeza muda wote huo, tangu Shangazi na sufuria ya nyama.

Sikuweza kulifungua kwa vidole. Nililifungua kwa meno.

Kitufe kilipoachia, redio ikafoka, sauti juu ya sauti, marubani wanaita mnara, mnara unawaita marubani. Kisha Madame akawanyamazisha wote. Akatangaza kwa Kifaransa safi kabisa kwamba masafa yamefunguka, na akamuomba yule bwana mwenye matanga aweke redio yake mbali na mwili wake. Rubani wa ile ndege iliyoshindwa kutua akaomba ruhusa upya. Akapewa. Akashukuru, akaongeza kwamba atajitahidi kupiga breki za baiskeli mapema.

Nikatafuta ardhi ipasuke. Hapa kwetu chini ni lava tupu, haipasuki ovyo.

Akaja mlinzi kutoka mnarani, anakimbia, amejaza matusi mashavuni. Alikuwa ametumwa azunguke uwanja mzima atafute nani ameshikilia masafa. Akasimama mbele yangu, akaniona na kamasi zangu na kitambaa cha matanga kinachoning'inia mdomoni. Yale matusi akayameza. Akauliza tu kama marehemu ni wangu. Nikamjibu ni baba mkwe. Akanyoosha mkono, nikampa redio.

Ile ndege nyingine ikatua salama, ikaondoka njiani. Madame akampa Komanda Jules ruhusa ya kuingia na kuruka. Tukasubiri mngurumo. Ndege haikujongea.

“Tour, ungoje kidogo,” sauti ya Komanda ilitoka kwenye redio mkononi mwa mlinzi, ikiuita mnara, na kwa Kiswahili kabisa. “Niko na mama hapa ku bega yangu. Anakatala kukaa.”

Hapo ndipo nilipoikumbuka spika. Nilimkumbuka mama mkwe kwenye kiti chake kando ya sanduku, na sauti yangu ikitoka mbele kwa rubani, inamsimulia mambo ya mume wake. Nikamkumbuka na Shangazi Katungu. Nikakaa chini, lakini safari hii nilikaa kwenye lami.

Komanda akaeleza kwamba mama anataka mkwe wake aulizwe swali moja. Madame akamjibu kuwa masafa ya uwanja si ya mambo ya familia. Komanda akasema anaelewa, lakini hawezi kurusha ndege na mtu amesimama. Ama swali liulizwe, ama arudi alipotoka, na akirudi leo hakuna tena safari, jua linamalizika. Nadhani Madame na yeye alikuwa anatazama ile mvua ya Mugunga.

“Station ya chini, ujibu,” akaniita mwishowe. “Kifupi.”

Mlinzi akanirudishia redio kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto.

“Mama anauliza,” Komanda akasema. “Ni kweli Muzee alisema vile, ao ni huzuni njo inakusemesha?”

Ningeweza kusema ni huzuni. Neno moja tu, na ndege ingeruka, kaburi lingepata mtu wake, na mimi ningebaki mkwe wa garanti. Bahati alikuwa ananitikisia kichwa nijibu hivyo. Mlinzi naye alikuwa ananitikisia, na hata jina langu hajui. Nikikiri, huenda mama akataka mume wake ashushwe, na Butembo nzima ilale na kaburi wazi kwa sababu yangu. Nilibonyeza kitufe. Kidole changu mwenyewe, kwa mara ya kwanza leo.

“Ni kweli, Mama,” nilisema. “Alisema anaogopa. Miye nilinyamaza. Unisamehe.”

Tangu nimuoe binti yake, hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia mama mkwe bila kupitia kwa Neema. Marubani na mnara ndio mashahidi.

Hakuna aliyedandia masafa, hata yule wa baiskeli. Kisha Komanda akasafisha koo.

“Mama anasema anajua. Muzee alimuambia yeye pia, mara mingi. Anasema alikuwa anaogopa kila kitu yenye haendeshe yeye mwenyewe, hata sufuria.” Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke, chini, bila haraka, na Komanda akawa anaifuata. “Anasema huku Goma vita ikifika mutakimbia, na mutamuacha peke yake. Anasema twende. Ataweka mukono yake juu ya sanduku mupaka Butembo.”

Mlinzi akavua kofia. Bahati akageukia makatoni matupu, akayapanga upya bila sababu.

Komanda akaongeza kwamba na Shangazi Katungu ana ujumbe wake kwa mkwe, mrefu kidogo. Madame akajibu kwamba huo utasubiri simu. Akampa ruhusa ya kuruka, akamtajia upepo, na ile sauti ya mwalimu ilikuwa imekwaruza. Ndege ikapita mbele yetu kwa kasi, ikanyanyuka, ikazunguka juu ya ziwa kuelekea kaskazini. Niliinua mkono kuaga. Mlinzi akanichukua redio kabisa, akaenda nayo.

Sefu alikuwa amesikia yote ofisini, pamoja na ile ya ndege kuwa mzee kuliko marehemu. Hakunifukuza. Alinipa pole, kisha akaniambia kuanzia kesho nitapokea vifurushi dirishani, na kwamba dirisha halina kitufe. Sikumbishia.

Jua lilikuwa linagusa milima simu ilipoingia kutoka Butembo. Wametua. Wamempeleka moja kwa moja kaburini, na watu walikuwa wanasubiri na majembe. Mjomba aliyenipigia aliongea vizuri tu, kisha akauliza kama ni kweli nililia hewani. Hawa watu wa Butembo, hata udongo haujakauka.

Nikaja nyumbani. Nilikuwa nimepanga jinsi ya kumsimulia Masika, polepole, nikianza na mambo ya kuchekesha. Nikakuta anajua. Mji huu ukisikia jambo, mhusika hupata habari wa mwisho. Alikuwa ameketi kwenye godoro la baba yake, miguu imevimba, shati la mzee mapajani. Hakuuliza habari za redio wala za sefu.

“Papa alikuambia weye,” akasema. “Miye nilikuwa ku jikoni, ukuta mumoja tu. Na hukuniambia.”

Hakupaza sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa mama yake, kwa Shangazi, kwa marubani na kwa sefu. Kwa huyu sikuwa nimejiandaa. Nikasema nilidhani. Sikujua nilidhani nini, nikaishia hapo.

Akaniambia nikae nirudie maneno ya baba yake yote, kama alivyoyasema, bila utani. Nikayarudia. Nilipofika kwenye usukani, akacheka, kicheko chake kile kile cha siku zote, tumbo likatikisika. Kisha akajifunika uso kwa lile shati. Nilitaka kumshika, akanionyesha mlango. Hiyo ni saa nzima sasa, na taa ya chumba kile bado inawaka.

Kwa hiyo niko nje na kiti changu cha plastiki. Kama mnacheka, chekeni chini chini, dirisha liko wazi. Na mtu anayekufa akikupa neno, lipeleke kwa wenyewe siku hiyohiyo, hata kama wamekutuma soda. Ukilikalisha, litatafuta redio.